Kabla Shangazi Hajaanguka

Nikisikia mtu anasema wachekeshaji wa kwanza wa televisheni walijua kuanguka tu, napandwa na mori. Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Mchana alishona nguo, jioni alikwenda studio kuigiza mama mwenye nyumba mkali, na mchezo ulirushwa moja kwa moja, hakuna kurudia.

Juzi tulikuwa sebuleni kwake tukitazama mkanda wa zamani. Humo shangazi anakikaribia kiti kibovu ambacho kila mtazamaji anajua kitamwangusha. Anakikagua, anakipangusa vumbi, anageuka, anakitazama tena. Binti yangu uvumilivu ukamwishia.

"Bibi, si uanguke tu!"

"Ningeanguka, nani angeniona?" shangazi akajibu. "Kamera ilikuwa moja, nzito kama kabati, inasukumwa na wanaume wawili. Mpaka inifikie, lazima nitafute cha kufanya."

Mnasikia nyie? Vile vituko vilivyotuvunja mbavu utotoni alivibuni palepale, akiisubiri kamera. Kuanguka angeweza yeyote.

"Sawa, lakini siku hizi haichekeshi," binti yangu akashikilia.

Shangazi aliinuka aende kukaa karibu naye. Akasimama mbele ya kochi, kochi zima kabisa, akalikagua. Akalipangusa vumbi. Akageuka, akasita, akalitupia jicho tena kwa wasiwasi. Binti yangu akaangua kicheko, akashika tumbo, machozi yakamtoka.

Ndipo shangazi akakaa, taratibu, salama salimini.