Kaza Boliti Gari Likiwa Limekanyaga Chini

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi kule Kibosho, mwanangu. Nilikuwa nimelala chali chini ya gari la marehemu baba, na Baba Mdogo amesimama pembeni akiongea na miguu yangu, maana ndiyo pekee aliyoiona.

“Hili ni chuma chakavu. Manka anaolewa Jumamosi. Likigonga tena huko mbele tukilijaribu Ijumaa, bibi harusi anapanda gari la kukodi, na hili linauzwa kwa kilo.”

Niliendelea kufungua boliti. Hakuwa mtu mbaya, alichoka tu kutuonea aibu.

Baba na mama walifariki wakifuatana, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Niliacha shule, nikajifunza ufundi kwenye gereji za Moshi mjini, nikawalea wadogo zangu, Deo na Manka. Tuliachiwa kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba na kahawa, Bibi, ng'ombe wake, na gari la spoti la milango miwili ambalo baba alilinunua kwa mzungu wa shamba aliyekuwa anarudi kwao. Mama alilipanda siku ya harusi yake. Manka akiwa bado mdogo wa kubebwa mgongoni, nilimwahidi kwamba naye atakwenda nalo kanisani.

Lakini lilikuwa linatoa sauti ya kugonga mbele kila lilipopita shimo. Kila nilipofunga bushi mpya, zile raba zinazokaa kwenye mikono ya chuma inayoshika magurudumu, hazikumaliza hata msimu mmoja wa mvua. Usukani ulivuta kushoto, tairi zililika upande wa ndani. Watu walisema ni barabara yetu. Mimi nilijiuliza, mbona pikapu ya jirani inapita hapo hapo na haili bushi? Tena kila bushi niliyoitoa ilikuwa imechanika mahali pale pale, kama kitambaa kilichokamuliwa.

Siku hiyo Bibi alinituma majani ya ng'ombe. Nilikata, nikafunga mzigo, nikaubeba. Pale getini kamba ililegea, majani yakamwagika yote. Bibi alicheka mpaka akashika kiuno.

“Fundi mzima, majani yamekushinda? Ulikaza kamba kabla ya kuupigia goti?”

“Nilikaza sana, Bibi.”

“Ulikaza hewa. Mzigo unaugandamiza kwanza kwa goti, unakaa jinsi utakavyokaa njiani, ndipo unakaza. Hata Manka anajua.”

Nilisimama pale na majani miguuni. Mwanangu, miaka yote nilikuwa nakaza boliti za bushi gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yananing'inia, kwa sababu lilikaa chini mno na sikuweza kuingia uvunguni bila kuliinua. Nilipolishusha, raba ikiwa imeshabanwa na boliti, ilijipinda, ikabaki imejipinda maisha yake yote. Barabara ilimalizia tu.

Nilimwita Deo tukachimba shimo kati ya migomba, tukaweka mbao imara pande zote mbili, tukalisukuma gari juu ya mbao hizo likiwa limekanyaga kwa magurudumu yake. Nilikuwa nimeshaingiza bushi mpya, boliti bado zimelegea. Nikawaambia wadogo zangu waingie ndani wakae.

“Na mimi?” Bibi aliuliza.

“Na wewe, Bibi.”

Alikaa mbele kama mke wa waziri, akamwambia Deo asimfinye. Nami nikiwa shimoni chini yao, uzito wao wote juu ya zile bushi, nikakaza boliti moja baada ya nyingine.

Ijumaa Baba Mdogo alikaa pembeni yangu, tukashuka mpaka lami na kurudi. Alitega sikio kila shimo. Hakikusikika kitu. Tulipofika nyumbani alisema tu, “Lioshe vizuri.”

Jumamosi nilimpandisha Manka kanisani, shela lake limejaa dirisha la nyuma, usukani umenyooka. Kina mama walikuwa wameshaanza vigelegele kabla hatujasimama. Baba Mdogo ndiye aliyemfungulia mlango, akiwaambia wageni kwa sauti, “Gari la kaka yangu hili.” Na baadaye bushi zile zile zilimleta Manka nyumbani na mtoto wake wa kwanza.

Kwa hiyo, mwanangu, nakuambia hivi. Utakapotaka kufunga jambo la kudumu, ndoa, kazi, ahadi kwa wadogo zako, usilifunge ukiwa umening'inia kwa hasira au kwa furaha ya siku moja. Shuka chini kwanza. Waweke ndani wote utakaowabeba, usikie uzito wao, halafu kaza kwa nguvu zako zote. Kilichofungwa hivyo kitapanda mlima nawe.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, na gari lako lijae watu wako mpaka wafinyane.