Simu Kuhusu Dale Rusnak

Verna Kuchta alikuwa ofisa utumishi wa mji wetu, Slate Fork, tangu enzi kiwanda cha chuma kingali kinatoa moshi. Alipofiwa na mumewe, kesho yake baada ya mazishi alirudi ofisini akaendelea na usaili kama mtu aliyetoka kunywa maji tu.

Baadaye madiwani walitaka kuunganisha polisi wetu na wa Brenneck, ng'ambo ya mto. Wakamtuma Verna akalinganishe namna kila upande unavyoajiri. Kwetu mwombaji hupimwa akili, na hata majirani zake huulizwa. Gus Hladik, mkuu wa polisi wa Brenneck, alikuwa na njia fupi.

"Nampeleka kula, Bi Verna. Akimfokea mhudumu, simchukui."

"Ni hivyo tu?"

"Na napiga simu alikotoka."

Mlango ukafunguliwa, akaingia askari na vikombe viwili vya kahawa. Verna akamtambua: Dale Rusnak. Alipokuwa askari wa kwetu, alimvunja taya Luis, mpishi wa mgahawani, mikono ya Luis ikiwa tayari kwenye pingu. Mji haukutaka kelele, ukamwacha ajiuzulu.

"Mama Kuchta, bado unawatoa watu jasho kwa maswali?"

"Bado, Dale."

Dale alipotoka, Verna akauliza, "Huyu ulimpata wapi?"

"Kwako. Nilikupigia. Ukaniambia alijiuzulu."

"Hukuuliza zaidi."

"Na wewe hukusema."

"Mwanasheria wa mji alinikataza."

Gus akakoroga kahawa yake. "Basi tumemwajiri sote wawili."

Verna alingoja aibu imshike, au hata hasira. Haikuja. Alichosikia ni joto la kikombe kiganjani.

Kwenye kikao cha madiwani alisimama akaeleza yote, akataja jina la Dale na la Luis. Mwanasheria akamvuta mkono. "Verna, kaa chini. Tulitia saini makubaliano na Dale kwamba hatutasema."

"Nayajua. Niliyachapa mwenyewe." Akamaliza alichokuwa akisema, ndipo akakaa.

Mpango wa kuunganisha polisi ukafa. Brenneck wakamwondoa Dale, na mji wetu ukamstaafisha Verna kabla ya wakati wake. Akiwa bado anafungasha vitu vyake, simu ikaita. Walikuwa polisi wa mji mwingine, juu kidogo ya mto, wakimuulizia Dale, aliyeomba kazi kwao. Verna akawasimulia habari za Luis, taya na pingu, bila kuficha kitu.

"Asante, mama," sauti ikasema. "Lakini zamu ya usiku haina mtu kabisa."

Wakamchukua.

Siku hizi kila Ijumaa Verna hukunja pierogi, vipande vya unga uliokandwa vinavyojazwa viazi, na akina mama wengine kwenye ukumbi wa kanisa. Mke wangu alimuuliza kama yale mambo bado yanamuuma.

"Sijui," alisema, akibana kingo za unga kwa uma. "Labda yatakuja kuniuma. Nipitishie viazi."