Mafuta ya Nazi na Kofia ya Nyaya

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilivyompendezesha mgonjwa mpaka mashine ikagoma kumpima.

Nilikuwa binti niliyeishia kidato cha nne, msusi wa Kariakoo. Watafiti wa chuo kikuu walikuwa wameungana na hospitali kuchunguza kifafa: wa chuo walikuwa na kofia ya nyaya inayosoma ubongo, wa hospitali walikuwa na wagonjwa. Mimi wakanipa kazi ya kuwaleta watu wa mtaani kwetu, maana wote walinijua. Basi nikajiona profesa mdogo. Usicheke.

Wa kwanza alikuwa Bi Zaituni, muuza kanga. Alikuwa akianguka palepale dukani, dawa hazimsaidii. Kipimo kile ndicho kingemwonyesha daktari ambadilishie dawa gani. Na mashine ilikuwa ya kuazima, saa sita inarudi chuoni.

Karatasi ya maelekezo nilipewa. Sikuisoma. Kichwa cha mtu, anielekeze nani? Nikamsuka Bi Zaituni vinywele vidogovidogo, nikampaka mafuta ya nazi akang'aa. Kwetu mtu haendi hospitali hovyohovyo, watasema hana ndugu.

Saa nne Dokta Elia, mtafiti wa chuo, akaanza kumbandika kichwani vidude vya ile kofia ya nyaya. Akibandika huku, kule kinateleza.

"Mama, umepaka nini?"

"Mafuta, mwanangu," akajibu Bi Zaituni. "Nikuletee? Mbona umepauka hivyo?"

Dokta akavua miwani. "Kwenye nywele za kusuka na mafuta vidude havishiki. Basi, leo haiwezekani."

Bi Zaituni akauliza polepole, "Kwa hiyo niendelee tu kuanguka?"

Mwanangu, nilitamani sakafu inimeze. Nikasema, "Kosa ni langu. Karatasi ninayo, sikuisoma."

Sista Rehema, muuguzi wa kliniki, akachukua kitana. "Tutakugombeza baadaye. Fumua. Na wewe Dokta, njoo."

"Mimi? Sijawahi kufumua nywele."

"Ubongo unaujua, nywele zikushinde? Kaa hapo!"

Tukamzunguka watatu. Dokta alifumua kwa uangalifu kama anatoa mwiba kwa mtoto, Bi Zaituni akimhimiza, "Vuta baba, sivunjiki." Tukamwosha kwa sabuni mara mbili, tukamkausha. Saa tano na nusu kofia ikakaa. Mistari ya ubongo ikachoreka kwenye mashine, Dokta na daktari wa kliniki wakaisoma pamoja, dawa ikabadilishwa. Kuanguka kukapungua, mwishowe kukakoma.

Siku ile Bi Zaituni alitoka nywele timtim, akakataa kujitanda kanga. "Waacheni wanione, nimetoka kusomwa!"

Sasa na wewe unaanza kazi kama ile, nisikilize. Ukiwekwa katikati ya wasomi na wagonjwa, usijifanye unajua kuliko wote. Soma ulichopewa, hata kama kazi unaiweza. Mwenye mashine muulize, na anayemshika mgonjwa kila siku muulize pia. Ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna la kufanya.

Mungu akupe ulimi wa kuuliza bila aibu, na watu wa kukujibu bila kukudharau. Nenda, mwanangu, kafanye kazi.