Vipimo vya Malkia

Kwa miaka ishirini na sita fundi cherehani alikuwa amepima watu wa kila umbo, na hakuna aliyewahi kumletea vipimo vilivyopigiwa kura. Wa kwanza kufanya hivyo alikuwa mpwa wake, binti wa dada yake.

Mchana mpwa huyo aliuza katika duka la dawa. Saa zote zilizobaki alikuwa kiongozi wa mashabiki wa kijana mmoja wa kiume, mwimbaji mwenye sauti nyembamba, kope ndefu na shingo ya kuegemea upande. Mashabiki walifika elfu arobaini, na katika wote hao hakuna aliyepoteza muda kumwita mwimbaji huyo kwa jina lake. Walimwita Malkia. Siku za furaha alikuwa Bi Harusi, siku za huzuni alikuwa Mama, na akikohoa jukwaani walimwombea kama mjamzito. Mwenyewe hakuulizwa. Mtu anayependwa kiasi hicho ana haja gani ya kuulizwa?

Sasa walitaka kumpa zawadi, koti jeupe la jukwaani lenye kufika magotini. Mpwa akaweka karatasi juu ya cherehani: kiuno inchi ishirini na nne, nyonga thelathini na nane. Fundi aliisoma mara mbili, akauliza ni nani aliyempima kijana wa watu. Akajibiwa kwamba hakuna, ila watu elfu tatu walipiga kura mtandaoni, na kiuno cha ishirini na nne kilishinda kwa mbali.

"Na hapa kifuani mmeacha nafasi ya nini?"

"Mjomba, ni namna ya kumpenda tu."

"Mimi sishoni mapenzi. Nashona mwili wa mtu. Niletee vipimo vyake."

Alisema hivyo kwa sauti yake ya siku zote, ambayo nayo ilikuwa nyembamba, na hapo ndipo palipokuwa na mambo. Tangu utotoni fundi alikuwa na sauti ile, mwendo wa taratibu, na mikono iliyoanza kusema kabla ya mdomo. Yeye hakuwahi kuitwa Malkia. Vijana wa kijiweni walimwita Shangazi, wakiigiza mwendo wake hadi apinde kona, na wawili kati yao walifanya hivyo wamevaa fulana zenye picha ya mwimbaji.

Nyumbani hawakumwita chochote. Walimwomba tu, kwa heshima zote, kwamba Jumapili, wazazi wa mchumba wa mpwa watakapokuja kuposa, akae chumba cha nyuma. Baba wa binti alikwisha kufariki. Fundi ndiye aliyemlea tangu ana miaka saba, akamshonea kila sare ya shule na kumsuka nywele wakati dada yake yuko kazini, na siku zote alijua kwamba siku hiyo yeye ndiye atakayemsemea. Lakini familia ilikuwa imempata jirani mwenye sauti nzito. Ujumbe uliletwa na mpwa mwenyewe, Malkia akimwimbia kwenye sikio moja kutoka simuni.

Vipimo vya kweli vilitoka kwa meneja wa mwimbaji: kiuno thelathini na nne, mabega kumi na tisa. Fundi akakata, akashona. Mpwa alipoliona koti limetundikwa alinuna, akasema hilo ni la baba mtu mzima. Fundi akamwambia ndivyo alivyo.

Jumatano mwimbaji akalivaa jukwaani, likamkaa kama ngozi. Mashabiki wakaandika kuwa Malkia ana kiuno cha nyigu. Inchi thelathini na nne zilitazamwa na watu elfu arobaini wenye macho mazima, na kila mmoja akaona ishirini na nne. Mwimbaji akasema mbele ya kamera kwamba kwa mara ya kwanza mabega yake yamepata nafasi, na kwamba anamshukuru aliyelikata koti.

Basi ikawa lazima fundi ajulikane. Mpwa akamrekodi akipiga pasi kola na kueleza inavyolazwa. Kufikia jioni alikuwa Shangazi wa Taifa, Bibi wa Malkia, Mama Mkuu. Neno alilotupiwa kijiweni miaka yote sasa lilikuja limezungukwa na mioyo myekundu. Wenye fulana nao wakaja kupiga picha naye.

Ijumaa mpwa aliingia anahema kwa furaha. Mama mkwe mtarajiwa ameiona video, anataka kumwona mjomba kwa macho yake. Akae mbele kabisa. Avae kitu chenye vishanga, na aongee vilevile kama kwenye video.

Fundi akazima pasi.

"Wiki iliyopita sauti hii ilikuwa ya chumba cha nyuma."

"Wakati ule walikuwa hawakujui, mjomba."

"Na sasa wananijua? Wanamjua shangazi fulani. Huyo mimi simfahamu, mkamtafute. Ukimtaka mjomba wako, atavaa shati jeupe na atakusemea. Ukiona hatoshi, niambie sasa hivi niendelee na kazi."

Aliposema hayo alikuwa ameshika ukingo wa meza, maana jibu alikuwa analiogopa. Mpwa alikaa kwenye kiti cha wateja. Simu ikaita, akaigeuza uso chini. Kisha akainuka.

"Jumapili ni saa nne asubuhi, mjomba. Usichelewe."

Jumapili mama mkwe aliingia sebuleni simu ikiwa tayari mkononi. "Kumbe Shangazi mwenyewe ndiye huyu," akasema, akicheka. Chumba kizima kikamgeukia mpwa.

"Ni mjomba wangu, mama," akasema. "Amenilea. Yeye ndiye atakayenisemea."

Mama mkwe akaendelea kutabasamu hata baada ya tabasamu kwisha. Simu ikarudi mkobani. Fundi akasafisha koo, na sauti ikatoka ileile, nyembamba. Upande wa wageni kaka mmoja wa mchumba akacheka, akawahi kukigeuza kicheko kuwa kikohozi. Fundi akamsubiri akohoe hadi amalize, akampa pole, kisha akamgeukia mchumba na kumuuliza kama anajua kufua mashati yake mwenyewe, au anaoa ili yafuliwe.