Mjomba Alipokuja Kunitetea kwa Mtu wa Kodi

Ilipokuja ruksa ya serikali na kila mtu akawa mfanyabiashara, nami nilifungua duka la khanga Masasi mjini. Mtaji nilichukua kwa mjomba, Mnyambe. Kwetu mjomba ndiye anayeshika shamba la mikorosho la ukoo, na pesa ya shamba ni amana ya watoto wa dada zake. Ukichukua unarudisha, mwenzako naye achukue. Nilikuwa narudisha kila msimu wa korosho, kidogo kidogo. Karatasi? Thubutu! Kumpa mjomba karatasi atie saini ni sawa na kumwita mwizi.

Afisa wa kodi akauona ule mtaji kwenye daftari langu. "Haya ni mapato," akasema. Nikamwambia ni mkopo.

"Mkopo una mtu anayekudai. Mlete aseme anakudai, yaishe. Usipomleta utalipa kodi ya pesa hiyo yote, na ukishindwa nafunga duka."

Usingizi ulinipaa. Duka lile ndilo lililokuwa linawalisha wanangu.

Nikamfuata mjomba. Akaja na kanzu yake ya Idi, nami njia nzima nambembeleza, "Mjomba, sema tu unanidai." Akawa ananijibu, "Nimesikia, mama."

Ofisini afisa alimwamkia vizuri, shikamoo, marahaba, kisha akauliza, "Mzee, huyu unamdai?"

Jamani! Mjomba aliwatazama watu waliojaa kwenye benchi wakingoja zamu. Kwetu mjomba hamdai mpwa wake mbele za watu. Ni kumvua nguo. Akanyanyua kidevu.

"Nimdai mtoto wa dada yangu? Mimi? Pesa ile ni yake!"

Afisa akanigeukia. Nifanyeje? Nimwite mjomba wangu mwongo mbele ya wageni? Mimi, mwenye mdomo unaojulikana Masasi nzima, nikainama nikaanza kutengeneza khanga yangu. Afisa akaandika: mapato.

Nje, mjomba alikuwa amefurahi kweli. "Umeona nilivyokusitiri?"

Nikamwambia ahsante. Ningesema nini? Nikamsindikiza stendi, nikamlipia nauli. Alipokwisha kukaa dirishani aliniita kwa kidole, akainamisha kichwa ili jirani yake asisikie.

"Mama, ile ya msimu huu usiicheleweshe. Mwenzako anaisubiri."