Goti Lililobaki Hewani

Likizo ile mwalimu wetu wa kuchora alitupa kazi moja: mienendo ya nyumbani. "Msichore mtu amesimama, msichore mtu amekaa," alisema. "Choreni katikati. Mwanzo na mwisho kila mtu anaviona." Nikarudi Bariadi na penseli tatu, bila karatasi. Karatasi niliiokota nje ya ghala la chama cha msingi cha ushirika. Msimu huo ghala lilikuwa limekodishwa kwa mnunuzi binafsi wa pamba, na watu wake walitupa nje fomu za zamani, magunia mazima, nyuma nyeupe kabisa.

Nilichora kila kilichosogea. Kuku akivuka kizingiti, mama akipepeta. Lakini mkono wangu ulimrudia kila mara mke wa kaka. Kaka mwenyewe alikuwa ameondoka na lori la mnunuzi huyo, akipima pamba kuanzia Nkoma hadi Lalago. Baba tulishamzika. Nyumbani tulibaki wanawake watatu na lundo la pamba lililojaza chumba cha mbele.

Kila asubuhi wifi alimletea mama maji ya kunawa, akashuka kwa magoti, akamwamkia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akangoja kuitikiwa. Mama alikuwa akichelewa makusudi. Alinawa uso, akasukutua, akawatazama kuku, ndipo akaitikia. Mimi nilimwamkia kwa kuinama kidogo tu, tena nimevaa suruali, naye akicheka.

Mwaka wa pili wa ndoa ulikuwa unaisha na wifi hakuwa ameshika mimba. Mama alishamwambia kaka amrudishe kwao Bukundi. "Kosa lake nini, mama?" kaka aliuliza. "Nitajie moja." Mama hakuwa nalo. Wifi alilima, alichota maji, alinyamaza.

Katika kungoja kule kwa kila asubuhi sikuona ukatili, niliona mstari. Mgongo ukiinama huku beseni likibaki sawa, maji yasitikisike; goti moja likitangulia, jingine likifuata. Nilijaza karatasi kumi na mbili, zote katika pumzi ile moja kabla ya goti kugusa ardhi. Uso sikuuchora. Mwalimu alisema uso humshika mtazamaji asiuone mwendo.

Shangazi alipotutembelea, mama alizipanga karatasi juu ya mkeka ili anisifie. Shangazi akaangua kicheko.

"Huyu nani? Kachuchumaa kama kuku anayetafuta pa kutagia!"

"Si ni mkwe wangu huyo!" Kisha mama akainama. "Hebu ngoja. Goti halijafika chini."

"Na hapa?"

"Hapa nako bado. Na hapa." Akanigeukia. "Mwanangu, unachora unachokiona?"

"Ndiyo, mama, ila..."

"Hubuni?"

"Sibuni."

"Basi mimi nimefumba macho nanawa uso, mwenzangu ananiamkia kwa goti la hewani! Mara kumi na mbili! Na shahidi ni mtoto wa tumbo langu."

Wifi aliitwa kutoka jikoni, akaja na unga mikononi. "Mama, mimi nashuka mpaka chini," alisema. "Wifi ananiona kila siku. Wifi, sema."

Nilisema. Nilieleza kwamba anafika chini kila siku, kwamba mimi ndiye nilichagua katikati. Mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanisukumia fomu moja. "Sawa. Kama anafika, mchore yuko chini. Moja tu. Shangazi yako aone, tuyamalize."

Penseli ilikuwa mkononi. Kazi yenyewe isingezidi muda wa kuchemsha chai. Kwa miaka mingi nimejiambia kwamba mama angemfukuza hata hivyo, na pengine ni kweli. Lakini sikukataa kwa sababu hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini, nikamtazama mama yangu kama mtu asiyejua kusoma picha.

"Nikimfikisha chini, picha imekufa," nilisema. "Sichori picha zilizokufa."

Shangazi akapiga makofi. "Umesikia? Hata mtoto wako kashindwa kumbebea uongo!"

Wifi alinitazama. Mama alikwisha kupata kosa lake moja.

Asubuhi iliyofuata shangazi ndiye aliyepangwa kumsindikiza wifi kurudi kwao Bukundi. Wifi alimpigia mama magoti, kisha akanijia pale mlangoni, kando ya pamba. "Wifi, tazama," alisema. Akashuka, taratibu kuliko nilivyowahi kumwona, magoti yote mawili, akatulia. "Nimefika. Chora."

Jua lilikuwa limeshapanda. Penseli ilikuwa mfukoni na fomu zilikuwa tele.

"Inuka, wifi," nilisema. "Basi litawaacha."

Akainuka. Kwenye khanga yake palikuwa na miviringo miwili ya vumbi. Hakuipangusa.

Kaka alirudi pamba ilipokwisha. Mama alimwonyesha kitanda kilichotandikwa na kumwambia kosa. Kaka aliniomba zile picha, akazipitia mlangoni moja moja, akaanza tena mwanzo.

"Uso wake uko wapi?"

Nikamweleza habari za uso na mtazamaji.

"Basi nichoree huo tu," alisema. "Nibaki nao."

Safari hii nilikubali haraka. Nilikaa na fomu magotini mpaka mchana. Nilijua shingo yake, viganja vyake, nyayo zilivyojikunja aliposhuka. Kila uso nilioanza ulikuwa wa mtu mwingine. Mwishowe kaka alikuja akasimama nyuma yangu, nami nikampa nilichoweza: mgongo, ukiondoka.