Nilivyoongeza kasi ya swing ya gofu kwa kufyeka nyasi, hapa Kindu

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mtu wa Kindu, mkoa wa Maniema, huku Kongo. Siku nyingi nasoma nyuzi zenu kimyakimya, ila leo kunyamaza kumenishinda. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na asiyeamini aje mtaani kwetu Mikelenge nimwonyeshe.

Ni habari ya gofu. Msicheke jamani, hata Kindu tunacheza.

Tuko wanne. Uwanja tuliufyeka wenyewe pembeni ya mashamba ya mpunga. Nina driver moja ya mtumba, ile fimbo ndefu ya kupigia mbali, mpini nimeufunga mpira wa baiskeli. Kujifunza ni kwa video za simu, siku ambazo mtandao una huruma.

Mwaka huu tukapata habari kwamba mwalimu wa gofu kutoka Lubumbashi anakuja, na atachagua mtu mmoja akasomee ualimu wa mchezo huu huko kwake kwa miezi sita. Sharti moja tu: piga mpira uvuke bonde la mpunga, utue barabarani ng'ambo. Kila mtu mipira mitatu.

Wakuu, niliitaka nafasi ile mpaka usingizi ukanipaa. Nina miaka arobaini na tano, nimefanya kila kazi katika mji huu, na hii ndiyo ya kwanza niliyoipenda.

Shida ni kwamba mpira wangu ulikuwa unaangukia katikati ya mpunga. Kila mara. Wenye shamba walishanizoea, wananiokotea.

Nikajiambia kinachopungua ni nguvu. Nikaanza kunyanyua bidoni za maji za lita ishirini, asubuhi na jioni, mwezi mzima. Mikono ikajaa kweli. Mpira? Ukazidi kuanguka karibu! Nilikasirika hadi nikawa naongea peke yangu njiani.

Sasa hapa nivumilieni, lazima nirudi nyuma kidogo.

Wakati wa vita mji wetu ulikuwa umefungwa. Treni haiji, chumvi ya kutafuta kwa tochi. Wenye bunduki walikuwa wanatutoa majumbani tukafyeke nyasi kando ya uwanja wa ndege. Kila mtu anapimiwa kipande chake, na asiyemaliza kabla ya adhuhuri anachapwa.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nguvu tele, na nilichapwa mara mbili.

Kipande cha pembeni yangu kilikuwa cha Mama Zaina, jirani yetu wa mtaani, mwanamke mwembamba wa kupeperushwa na upepo. Anamaliza mapema, halafu anaingia kwenye changu kunisaidia, wala hahemi. Bila yeye ningechapwa kila siku. Lakini sikuwahi kutazama anavyofanya. Macho yangu yote yalikuwa kwa askari.

Turudi mwaka huu. Wiki mbili kabla ya mwalimu kuja, ilikuwa Jumamosi ya salongo, ile asubuhi ya kusafisha mtaa. Napita, namwona Mama Zaina, sasa ni bibi wa wajukuu kumi, anafyeka mbele ya nyumba yake kwa kupekupe, lile panga refu la kufyekea.

Nikaganda.

Anaegemea mguu wa kulia. Mguu unasukuma ardhi. Kiuno kinageuka, bega linafuata, mkono unakuja mwisho kabisa, umelegea, na nyasi zinalala chini zenyewe. Wakuu, ni kile kile wanachosema kwenye video! Miezi yote nimemaliza bando, kumbe mwalimu yuko nyumba ya tatu kutoka kwangu.

Nilikimbia kuchukua driver. Nikamweleza shida yangu, akaniambia nipige bila mpira aone. Nikapiga kwa nguvu zote. Akatikisa kichwa.

"Selemani, mikono njo inafanya kazi yote. Miguu yako iko na kazi gani?"

Nikaitazama miguu, imesimama kama nguzo.

"Sukuma kwanza udongo na muguu. Kiuno kigeuke. Mukono utakuja yenyewe, usiuite."

Akaninyang'anya driver, akanipa kupekupe. Wiki nzima nilifyeka kwake, nikafyeka kwa majirani, nikamalizia uwanja wa msikiti. Watu wakadhani nimeweka nadhiri. Nikikaza vidole tu, Mama Zaina ananigonga kwenye kifundo cha mkono. Wiki ya pili akanirudishia driver yangu, na mwendo ukawa ule ule wa kufyeka.

Siku ikafika. Wenzangu watatu walipiga kwanza, hakuna aliyevuka.

Mpira wangu wa kwanza nikausukuma kwa mikono, ukaingia mpungani. Tabia ni ngozi. Wa pili ukaanguka kwenye tuta la mwisho, nusura barabara.

Wa tatu nililegeza vidole. Mguu. Kiuno. Basi.

Hata mlio ulikuwa mwingine! Mpira ukavuka bonde, ukagonga udongo mwekundu wa barabara, ukaruka mpaka kwenye mihogo ya watu. Nilipiga kelele kama mwendawazimu. Mwalimu hakusema mengi, aliandika jina langu tu.

Mama Zaina alikuwa pale, amekuja na kitenge chake kizuri. Nikamwendea kumshukuru, akanishika mkono.

"Wakati ya vita ulikuwa unakata na woga," akasema. "Na huu mupira pia, ulikuwa unaupiga na woga. Leo nimeona woga haiko."

Wakuu, nililia mbele za watu, na sioni aibu.

Somo langu: kasi haitoki kwenye misuli ya mikono, inaanzia mguuni na kupita kiunoni, na mwili uliokaza hauipitishi. Mimi nilikaza miaka zaidi ya ishirini bila kujua. Naondoka Jumatatu kwenda Lubumbashi.

Wenye gofu, wenye jembe, wenye shoka, semeni: mwili wako ulijifunza wapi kukaza, na nani alikufundisha kulegeza? Maswali pia karibuni, nitajibu mtandao ukikubali.